Mizani Nayo Hupimwa

Mama yangu alichuma majani ya chai kwa miaka mingi. Kila jioni alibeba kikapu mgongoni hadi penye mizani, akatajiwa uzito asioweza kuuhoji. Siku moja alipitia dukani kwa jirani, mzigo ukapimwa. Ulizidi kwa kilo mbili zile alizoandikiwa muda mfupi baadaye. Alinyamaza. Angeishitaki mizani kwa nani?

Nilipokua nilipata kazi katika maabara ya vipimo, nikakabidhiwa kihisi cha faiba nikijaribu. Faiba ni uzi wa kioo upitishao mwanga, unene wake milimita 0.125, mwembamba kama unywele. Ndani yake huchorwa alama ndogo mno zirudishazo rangi moja tu ya mwanga. Uzi hugandishwa juu ya chuma. Chuma kikilemewa, uzi huvutika, na rangi irudiyo hubadilika kidogo. Badiliko hilo ndilo lisomwalo kuwa uzito.

Asubuhi niliweka jiwe la mizani la kilo 20. Kihisi kikasema 20. Nikaliondoa na kulirudisha mara kumi, nacho hakikuyumba. Nilishika kalamu nitie sahihi, mara nikakumbuka kikapu cha mama. Nikaiweka kalamu chini, nikangoja jua la mchana liwake juu ya bati. Jiwe lile lile sasa likasomwa kilo 21.

Jiwe halikuongezeka, joto ndilo lililosema. Digrii moja tu ya joto huisogeza rangi ile kana kwamba uzi umevutwa karibu sehemu kumi katika milioni za urefu wake, na uzi peke yake hauwezi kutenga joto na mzigo. Kwa hiyo niliweka uzi wa pili kando, juu ya chuma cha namna ile ile kisichobeba kitu, na badiliko lake nikalitoa katika hesabu ya ule wa kwanza. Kisha nilipandisha mawe moja moja na kuyashusha vivyo hivyo, asubuhi, mchana na usiku, siku nyingi. Hapo ndipo nilipotia sahihi.

Msomaji, usikiamini chombo kwa upya wake, wala usikitupe kwa kosa moja. Kiulize swali lile lile mara nyingi, tena katika hali mbalimbali. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwisho wake huonwa na yule aifuataye. Na mbele ya kila mizani amesimama mtu ambaye mgongo wake umechoka.