Nyekundu ya Ixelles, nyekundu ya Mbunya

Siku moja nilikuta karatasi nyekundu imefungwa kwenye uzio wa kiwanja kimoja karibu na ninapokaa, hapa Ixelles, mjini Brussels. Nilidhani ni mambo ya polisi. Sisi tuliokulia Bunia, mashariki ya Kongo, tukiona nyekundu ukutani, akili inakwenda moja kwa moja kwenye ule msalaba wa rangi ya mafuta unaopigwa na watu wa ofisi ya urbanisme, yaani mipango miji: nyumba hii ibomolewe. Nikasogea nisome. Kumbe karatasi inaeleza kwamba kuna mtu anataka kujenga pale nyumba ya ghorofa, fleti kadhaa, na chini ya ardhi maegesho ya magari, na kwamba yeyote mwenye neno ana siku 15 za kuliandika na kulipeleka komine, yaani serikali ya mtaa. Miradi mikubwa zaidi hupewa siku 30. Kiwanja chenyewe kilikuwa bado na majani na chupa tupu.

Niliipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu, ndiye aliyejibu kwanza: "Kwa hiyo huko wanaweka msalaba kabla ya nyumba?"

Wakati huohuo kule Bunia, komine ya Mbunya, jirani wa mama mdogo wangu alikuwa anapandisha etaji, yaani nyumba ya ghorofa. Nikamuuliza mama mdogo: majirani mliulizwa? Akacheka kile kicheko chake cha kunihurumia. "Papa, nani atatuuliza? Parsele ni yake. Tuliona tu kamio inamwaga mchanga."

Kwa umbea wangu nilikwenda kwenye kikao cha Ixelles. Wanakiita kamisheni ya mashauriano. Wanakaa meza moja watu wa komine, watu wa urbanisme wa mkoa wa Brussels na watu wa mazingira, mlango uko wazi, na mkaaji yeyote aliyejiandikisha anapewa dakika zake. Bibi mmoja alikuja na daftari. Usiku wa siku tatu mfululizo alikuwa ameshuka na mbwa wake kuhesabu nafasi za kuegesha zilizobaki kwenye mtaa wetu, akaandika saa na idadi. Mwingine alilalamikia kivuli. Wa tatu alisema neno la maana kuliko wote: mdomo wa maegesho ya chini utatazamana na lango la shule, na magari yatatoka saa ileile watoto wanapoingia. Mwenye mradi, kijana wa suti, alikuwa anaandika.

Nilitazama ukumbini nikahesabu weusi. Tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa mlinzi. Matonge, mtaa wa Waafrika, iko palepale Ixelles, na Jumamosi barabara ya Wavre inajaa wateja wa masaluni na wa maduka ya pondu, magari yamesimama mistari miwili. Wanaoijua shida ya maegesho ya mtaa ule kuliko mtu yeyote ni wasusi wetu. Lakini kikao kilikuwa siku ya kazi, na kwa Kifaransa cha mwanasheria.

Hata hivyo nisiwadharau Wabelgiji. Desturi hii hawakuzaliwa nayo. Mwaka 1967 mji wao ulipitisha mpango walioubandika jina la Manhattan, wakabomoa mtaa wa Quartier Nord, upande wa stesheni ya kaskazini, maelfu ya wakaaji wakaondolewa kupisha minara ya ofisi na barabara pana. Mwaka 1969 watu wa Marolles, mtaa wa maskini ulio chini ya jumba kubwa la mahakama, walikataa kuondolewa ili mahakama ipanuliwe, na wakashinda. Vikao vya mashauriano vilikuja baadaye, katika miaka ya 1970. Ile karatasi nyekundu ina watu nyuma yake waliokataa kuondolewa.

Sasa twende Bunia.

Ukisema parkingi kwetu, hakuna anayefikiria gari lake litalala wapi. Parkingi ni kona wanapongojea motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, au kiwanja ambapo magari ya Komanda na Mahagi yanajaza abiria. Mjini watu wengi wanatembea kwa miguu au kwa pikipiki. Lakini msongamano tunao, na hata wa aina yetu wenyewe. Kongo tunaendesha kulia, kama Wabelgiji walivyotuachia. Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, wanaendesha kushoto. Magari yetu mengi yanatoka Japani na Dubai, yanapita Mombasa na Kampala, na usukani wake uko kulia. Basi dogo likisimama ukingoni, mlango wake wa pembeni unafunguka upande wa kushoto, yaani upande wa katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni anashukia palepale pikipiki zinapopita. Nimeona hivyo kwenye Boulevard de la Libération tangu utoto wangu, na ilibidi nije Ulaya ndipo nijue kwamba mlango wa basi unatakiwa ufungukie kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Halafu mji umejaa. Tangu Desemba 2017, vita vya Djugu, jirani yetu, viliporudi, watu wamekimbilia Bunia kwa makumi ya maelfu. Wengi waliishia kambini chini ya maturubai. Waliokuwa na kitu walinunua parsele, yaani kiwanja, na parsele iliyokuwa na migomba na kuku leo ina maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Siwalaumu. Mtu aliyeona nyumba yake ya kijijini ikiungua, akijenga mjini anajenga kwa saruji na anajenga juu.

Jirani wa mama mdogo aliweka depo, ghala la bidhaa, chini. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana depo haiishi bila kamio, yaani lori. Kamio ya bia, kamio ya sukari, kamio ya saruji, zote zinaingia kwenye avenyu ambayo zamani tulichezea mpira wa matambara. Haina kando ya kusimama, upande mmoja ni mtaro. Kwa hiyo kamio inasimama mbele ya lango la mama mdogo. Wapakuzi wanakuja, mikokoteni ya pusi-pusi inakuja, na palipo na watu motari nao wanafungua parkingi, na palipo na motari mwenye kuuza mandazi yuko. Katika miezi miwili avenyu ikawa soko. Usiku mmoja baba mdogo alizidiwa, sukari imeshuka. Gari la jirani lilikuwepo tayari kumpeleka hospitali, ila lango lilikuwa limezibwa na kamio na dereva wake hajulikani amelala wapi. Wakambeba mgongoni mpaka barabara kubwa. Alipona. Ila tangu siku ile mama mdogo haliiti tena lile jengo depo, analiita "ile kamio".

Nikiwa mbali, tena nimejaa hasira, nilianza kutafuta sheria. Nikashangaa. Kongo ilipata dekreti yake ya urbanisme tarehe 20 Juni 1957, Wabelgiji wakiwa bado wakubwa wetu. Wao wenyewe kwao walitunga sheria yao kubwa ya urbanisme mwaka 1962, miaka mitano baadaye. Tulikuwa na karatasi kabla ya mwalimu! Mwaka 2013 wizara ilitoa agizo la kupanga upya utoaji wa kibali cha kujenga. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inataka miradi yenye madhara makubwa ichunguzwe, na wananchi wasikilizwe. Lakini etaji yenye depo chini haihesabiki kama mradi wenye madhara makubwa, mpaka uwe umelala na mgonjwa nyuma yake.

Na ungemlilia nani? Tangu Mei 2021 Ituri, jimbo letu, iko chini ya hali ya kuzingirwa: gavana ni mwanajeshi, mkuu wa jiji ni afisa wa polisi, bunge la jimbo likasimamishwa kazi. Polisi wa rulaji, wale wa barabarani, wapo, lakini wanasimama kwenye mizunguko ya barabara kubwa, hawaingii kwenye avenyu ya vumbi. Amri zinazofika mpaka kwetu ni za usalama, kama zile za kukataza pikipiki zisizunguke usiku. Swali la kamio inayoziba lango ni dogo mno kwa jenerali.

Kwa hiyo mama mdogo alifanya wanavyofanya wote. Kwanza aliweka mawe mawili makubwa mbele ya lango, akayapaka chokaa. Dereva akayasogeza. Ndipo akaenda kwa mkuu wa kartie, yaani wa mtaa, akaita na wazee wa nyumba kumi, na mwenye etaji akaja na kreti ya soda. Wakaongea uani mchana kutwa. Wakapatana: kamio zishushe mzigo kabla ya saa mbili asubuhi, motari wahamie kona ya pili penye mwembe, na kamio isilale pale hata siku moja. Mwenye etaji akatimiza, na hata akachimbua mtaro uliokuwa umezibwa na mchanga wake.

Niliposikia hayo nikajiona mjinga kidogo na daftari langu la kunakili mambo ya Ixelles. Hapa Brussels uchunguzi, kikao na uamuzi vilichukua miezi, na kilichobadilika ni mdomo wa maegesho kugeuzwa upande wa pili. Mbunya ilichukua mchana mmoja na soda.

Tena hata hapa Brussels karatasi haifiki kila mahali. Mwaka 2022 serikali ya mkoa na komine zilikuwa zinabadili njia za magari mitaani, sehemu ya mpango uitwao Good Move: mtaa huu usipitike, ule uwe wa upande mmoja. Schaerbeek na Cureghem, wanakoishi wahamiaji wengi, wakaaji wengi walisema hawakujua mpaka siku walipoona mafundi na vizuizi. Wakatoka nje wakazuia kazi. Komine zikarudi nyuma. Nilikuwa Cureghem wiki hizo kwa shughuli nyingine, nikasikia mzee wa Kimoroko akimfokea fundi kwa maneno ambayo mama mdogo angeyasaini: mmemwuliza nani? Na Cureghem ndiko kwenye mtaa wa Heyvaert, ambako kwa miaka mingi magari yaliyochoshwa na Ulaya yalikuwa yanakusanywa, yanaziba njia za wakaaji, kisha yanapelekwa bandarini Antwerp na kupakiwa meli za Afrika. Kila mtu anahamishia msongamano wake kwa jirani.

Kuna jambo moja ambalo nawaomba ndugu zetu wanaorudi na madigrii wasilibebe. Kanuni ya Brussels inataka fleti mpya iwe na angalau nafasi moja ya gari. Nimeshasikia mtu wetu akipendekeza tuiweke Bunia. Tuiweke kwa magari ya nani? Mpangaji wa etaji ya Mbunya ana pikipiki, au ana miguu. Ukimlazimisha mjenzi achimbe maegesho, gharama ataipandisha kwenye kodi, na shimo litageuka bwawa la mbu msimu wa mvua. Donald Shoup, profesa wa Los Angeles, aliandika kitabu kizima juu ya hasara hiyo mwaka 2005, na miji imeanza kumsikia: Buffalo, ambako Wakongo ni wengi, ilifuta kanuni hiyo mwaka 2017, Edmonton 2020, Minneapolis 2021. Mjenzi wa Mbunya aulizwe mambo mengine: kamio itashushia wapi, motari watasimama wapi, maji ya paa yataingia mtaro upi. Aulizwe kabla ya mchanga kumwagwa.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, nikiwa karibu kuipa Mbunya ushindi, yaya akanipigia. Etaji imeuzwa. Mwenyewe amehamia Aru. Mnunuzi mpya ameleta kamio zake, na motari wamerudi langoni. Alipoambiwa habari ya mapatano aliuliza, kwa adabu kabisa, mapatano gani? Yeye amenunua jengo, hakununua soda za mtu. Na ana haki yake: ahadi ile ilikuwa ya jirani, nayo imeondoka na jirani. Huku Brussels masharti yanaandikwa kwenye kibali, na kibali kinabaki na jengo hata likibadilisha wenyewe mara tano. Ule mdomo wa maegesho hautarudi kutazamana na shule eti kwa sababu kijana wa suti ameuza.

Kwa hiyo tumeandika. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mistari michache: saa za kamio, kona ya motari, mtaro, lango, na kwamba anayenunua ananunua na haya. Mama mdogo aliuzungusha avenyu nzima. Waliojua kusaini wakasaini, wengine wakaweka dole gumba. Mkuu wa kartie alikawia wiki mbili kabla ya kupiga muhuri. Mnunuzi mpya alisoma mara mbili, akafuta "saa mbili" akaandika "saa mbili na nusu", akasaini.

Jana mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti, mvua inasikika kwenye mabati. Anasema kamio haijaonekana siku ya tatu sasa. Hajui kama ni karatasi, au ni barabara ya Komanda imekwama matope.