Saa nne na nusu usiku, ya wapi?

Najua nimepotea hapa, mniwie radhi, zamu zimenibana. Shangazi aliniuliza kwenye simu zile sindano za kutafuta mtoto zinafanyaje kazi. Leo najibu, na kisa juu yake.

Kuna dada mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo (ameniruhusu niandike, jina sitaji), alikuja Guangzhou na mumewe kutibiwa. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Kwa kawaida mwanamke huivisha yai moja kwa mwezi. Kwenye upandikizaji yanatakiwa mengi, kwa hiyo anachomwa homoni ya FSH tumboni kila siku, kama siku 10 hivi. Shida ni kwamba mwili unaweza kuyaachia mayai kabla hayajavunwa. Utaratibu mrefu huulaza mwili kwanza, wiki mbili hivi, ndipo FSH ianze. Mfupi huanza na FSH, halafu sindano ya kuzuia huongezwa karibu siku ya 5 au 6. Daktari alimpa mfupi, maana ovari zake zina vifuko vingi na huo hatari yake ya tumbo kujaa maji ni ndogo zaidi. (Tumbo likivimba na pumzi ikabana, jamani, hospitali mbio!)

Mwisho inakuja sindano ya kuivisha. Hiyo ina saa yake, mayai huvunwa kama saa 36 baadaye. Yake iliandikwa 22:30. Nikamwambia "saa nne na nusu usiku", nikaenda zangu.

Saa nne na robo nikampigia kumtakia heri. Sauti ya usingizi. "Usiwe na wasiwasi dada, nimeweka alamu."

Sijui kwa nini nikauliza simu yake inasema saa ngapi.

"17:15."

Miguu iliniisha nguvu. Simu alikuwa ameiacha na saa ya Dar kwa ajili ya dukani, na huku tuko mbele saa 5. Alamu ingelia saa tisa na nusu usiku! Mayai yangevunwa baada ya saa 31 tu, mengine hayajaiva. Kosa langu hilo. Digrii ya uuguzi ninayo, na swali dogo hivyo sikuuliza.

Alichoma kwa wakati, mimi nasikiliza kwenye simu. Yalipatikana mayai 11. Kiinitete kimoja kimeshapandikizwa, Jumatatu anapima damu.

Haya, zamu inaanza. Mama, kesho nitapiga mapema, huko itakuwa alfajiri, usizime simu.