Kivuli Kilipoacha Kuwa Cheusi

Mzee aliyenifundisha kushika brashi, Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa mchoraji wa mabango. Alichora samaki kwenye kuta za hoteli na majina ubavuni mwa matatu, kwa rangi ya nyumba. Kivuli kwake kilikuwa rangi ileile iliyotiwa nyeusi. "Mwanangu, ukitaka kitu kiinuke, kipe giza upande mmoja," alikuwa akiniambia. Kwa bango la kusomwa na mtu anayepita mbio, ushauri huo siukosoi hata leo.

Nikahamia rangi za mafuta na kanuni yake mkononi. Kuta za chokaa nilizozichora zilikaa kama zimechorwa siku ya mawingu. Kuongeza nyeupe kulizidi kuzipausha tu, kwani hata nyeupe ya titani, ikitoka kwenye tyubu bila kuchanganywa, haiukaribii ukuta unaopigwa na jua la adhuhuri.

Kilichonigeuza ni picha niliyoiona kitabuni, Cosiendo la vela ya Mhispania Joaquín Sorolla, ya mwaka 1896. Watu wanashona tanga kubwa jeupe, jua na kivuli cha majani vimelitapakaa. Matanga nimekua nayo, kwa hiyo nililikagua lile kama fundi. Sehemu kubwa ya weupe wake imo kivulini, na humo mna samawati na zambarau. Weusi haumo.

Nikaanza kutazama vichochoro upya. Kivuli cha nje kina mwanga wake: juu kinaangaziwa na anga la buluu, chini kinapokea jua linalorushwa na mchanga. Ndiyo maana ukuta mmoja ulio kivulini huwa na ubaridi juu, na karibu na ardhi huelekea rangi ya chungwa. Siku hizi nakichanganya kwa altramarini na udongo mwekundu. (Wapo wanaopaka zambarau kila kivuli. Hiyo nayo ni kanuni ya bango.)

Hata saa zangu za kazi zimebadilika. Machi na Oktoba jua la Mombasa hupita utosini, na saa sita kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Natoka kabla ya saa tatu asubuhi. Vivuli navipanga vyote kwanza, kwa rangi nyepesi yenye tarpentaini, kisha sivifuati tena vikisogea. Jua nalipaka mwisho, rangi nzito, kwa brashi iliyofutwa vizuri.