Ubishi wa Wazee Wawili na Mbwa Wao

Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sijaona mahali msemo huu ulipotimia kama nyumbani kwetu Mulot, hasa baba yangu alipoketi na jirani yetu na mazungumzo yakageukia mbwa.

Mulot ni kituo cha biashara katika barabara itokayo Narok kwenda Bomet. Mto Amala hupita hapo ukielekea kuungana na Nyangores ili kuuzaa mto Mara, na leo mpaka wa kaunti za Narok na Bomet umekigawa kituo hicho. Ukipanda kuelekea Kericho utaona majani chai hadi macho yachoke. Kwetu ni mahindi, ng'ombe na kondoo. Na mfugaji wa kondoo huko hana budi kufuga mbwa, kwani fisi na bweha hawangoji kualikwa.

Baba alikuwa na Simba, mbwa wa kienyeji, mwekundu na mwembamba, mkia umejikunja juu ya mgongo. Jirani alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika shamba la majani chai huko Kericho, na alipostaafu alirudi na Meja, chotara wa mbwa wa Kijerumani, masikio wima na kifua kipana kama cha mpiga ndondi.

"Mzee mwenzangu, mbwa wako anakula kuliko watoto wangu watatu," baba alizoea kumwambia.

"Na wako hali kwako kwa kuwa amekwisha kula mayai ya kuku wangu," jirani alimjibu, kisha wote wawili wakacheka na kupokezana kibuyu cha mursik.

Lakini uwanja wao hasa wa mashindano ulikuwa usiku. Kila mmoja alilala akisikiliza. Asubuhi walikutana kwenye ua uliotenganisha mashamba yetu na kuanza kuhesabu nani alibweka kwanza. "Ulimsikia Meja saa nane?" "Nilimsikia. Simba alikuwa amekwisha kutangaza habari, Meja akawa mwitikiaji tu." Baba aliweza kutambua kwa sauti pekee kama Simba anamfokea fisi, mpita njia au mwezi. Jirani naye alimjua Meja vivyo hivyo, na kwa sababu ya ubishi huo, kila mmoja aliijua sauti ya mbwa wa mwenzake kama ya wake. Hili, ndugu msomaji, likumbuke.

Nilipokua na kuanza kusoma vitabu nilishangaa kuona kwamba wazee wetu wana ndugu zao ng'ambo. Huko Marekani kuna mbwa wa kuwinda mbweha wa koo mbalimbali: Walker na Trigg kutoka Kentucky, na July kutoka Georgia. Wenye Walker humsifu mbwa mmoja aliyeitwa Tennessee Lead, aliyeletwa Kentucky mwaka 1852, ambaye inasemekana aliibwa kutoka kwa mwenyewe. Wapenzi wa mbwa hao walikuwa na desturi ya kuwaachilia usiku, kisha wao wakakaa kilimani kando ya moto, hawaoni lolote, wakisikiliza tu sauti na kubishana ni mbwa wa nani anayeongoza. Mara nyingi hawakuwa na haja ya kumuua mbweha. Walichotaka ni ule ubishi.

Hata Kenya mbwa wa namna hiyo walifika. Masetla wa Kiingereza waliwaleta siku za ukoloni, na kwa kuwa hapa hapana mbweha mwekundu wa kwao, wakawakimbiza bweha. Mwaka 1911 tajiri mmoja wa Marekani, Paul Rainey, alikuja na kundi la mbwa wake na kuwinda nao simba. Mambo hayo yamekwisha. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Mbwa wa Mulot kazi yake ni kulinda boma.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la sita. Afisa wa mifugo alikuja sokoni na sanduku la barafu kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa. Jirani alimfunga Meja kamba na kumpeleka. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kumtia Simba kamba shingoni, lakini baba akanizuia. "Mfungue. Simba ni mbwa wa hapa, amezoea maradhi ya hapa. Sindano ni za mbwa wa meneja." Nami nilicheka, kwa kuwa nilikuwa upande wa Simba.

Miezi michache baadaye bweha aliingia bomani mchana kweupe, hana hofu ya mtu. Simba alimkabili peke yake akamuua, akatoka na jeraha dogo puani. Wiki nzima baba hakuzungumza jingine. "Meja alikuwa wapi?" aliuliza kila aliyepita. Hakuna aliyejiuliza bweha mwenye akili timamu hufuata nini katika boma la watu saa sita mchana.

Yapata majuma matano yalipopita, jirani alibisha mlangoni alfajiri. Hakuja kwa mzaha. "Mzee mwenzangu, nimemsikia Simba usiku. Ile sauti si yake. Imekwaruza, kama ya mtu anayekabwa." Baba alidhani anatafuta kulipiza ya bweha, akamjibu kwa kejeli. Jirani alikuwa bado amesimama pale Simba alipotokea nyuma ya ghala, mate yakimtiririka, akamuuma ndugu yangu mdogo mguuni.

Aliyemnyakua mtoto ni jirani. Alimpeleka kwenye mtungi, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kwa muda mrefu, huku mama akilia na kumsihi amwachilie. Alisema afisa wa mifugo ndiye aliyewafundisha hivyo siku ya chanjo. Kisha walimkimbiza hospitalini. Sindano zilikuwa tano, zikagawanywa katika mwezi mzima. Baba aliuza kondoo wawili, na fedha zilipopungua jirani akaongeza. Simba aliuawa jioni ile ile. Baba hakuomba mtu mwingine amfanyie kazi hiyo.

Ndugu yangu alipona, na leo ana watoto wake. Lakini mwaka ule ule, chini zaidi ya mto wetu, maradhi mengine ya mbwa yaitwayo distempa yaliwafagia simba wa Serengeti, takriban thuluthi moja yao, yakafika hadi Maasai Mara. Wataalamu waliwanyoshea kidole mbwa wa vijijini wasiochanjwa. Kwa hiyo kiburi cha mwenye mbwa hakiishii kwenye ua wake.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mwaka 1912, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo nacho ifikapo 2030. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Nanyi mnaofuga mbwa mijini, mkijivunia majina ya koo zao, fahamuni kwamba maradhi haya hayaulizi koo. Mchanjeni kila mwaka. Na aumwaye aoshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata afisa alirudi sokoni. Kabla jua halijachomoza vizuri, baba alikuwa amekwisha kupanga foleni, ameshika kamba yenye mtoto wa mbwa mwekundu, wa kienyeji vilevile, mkia umeanza kujikunja. Jirani alipowasili na Meja akakuta nafasi ya pili.

"Umeona?" baba alimwambia. "Leo wangu ametangulia."

Jirani alicheka mpaka akafuta machozi.