Kati ya Kukagua na Kulala

Kuna duka moja Funyula, karibu na steji ya magari ya Sio Port, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndiyo posta ya ukoo wetu. Halikuwa na stempu wala visanduku vyenye namba. Lilikuwa na boksi la sabuni chini ya kaunta, na mwenye duka aliyejua karatasi ipi ni ya nani. Sisi Wasamia mpaka ulitukuta tumeshakaa, ukatugawa, baadhi Kenya na wengine Uganda, na mto Sio unapita katikati kana kwamba hauna habari. Mwaka 2002 nilikuwa karani Malaba, nikijaza fomu za mizigo ya malori. Kaka yangu mkubwa alikuwa Majanji, ng'ambo, akiuza samaki ufuoni. Hakuwa na simu. Akiwa na neno aliliandika kwenye karatasi ya daftari, akampa mtu wa boda boda, naye akampa mwenzake, hadi likaangukia ndani ya boksi la sabuni.

Mwaka huo tulikosana juu ya kipande cha shamba alichotuachia baba. Nilimtolea maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa, kisha nikamaliza kwa kiburi: ukiwa na la kusema, andika, nitapita dukani Jumamosi. Jumamosi nikapita, mapema kuliko kawaida yangu. Mwenye duka akainama, akapekua, akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, basi.

Karatasi iliingia muda mfupi baada ya mimi kutoka. Mwenye duka alifanya alivyoweza, akamtuma mwanawe anikimbilie nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimechepuka kwenda Nangina kumjulia hali mgonjwa. Mtoto akabisha hodi, akaambiwa sijafika, akarudi zake. Aliagizwa kuniita mimi, hakuagizwa kuacha neno. Nilipofika jioni nilikuwa nimeshajifungia ndani ya hasira. Kesho yake nikarudi Malaba bila kupita dukani, na safari zilizofuata nilipita hapo nikitazama upande wa pili wa barabara.

Niliipata karatasi ile baada ya miezi miwili. Kaka alikuwa ameniomba nimfuate Lumino siku ya Jumatano, tuzungumze kabla hajaenda visiwani. Alinisubiri kutwa.

"Nilituma," aliniambia tulipoonana.

"Niliangalia," nikamjibu.

Wote wawili tulisema kweli, na hilo ndilo lililonichosha. Uongo ningejua pa kuushika. Kweli mbili zinazotazamana kwa uchungu sikujua nizipeleke kwa nani.

Miaka mingi baadaye, kwa ukaidi wa mtu aliyeanza kusoma ukubwani, nilijifunza kuandika programu, na mwishowe nikajitia kuandika kiini kidogo cha mfumo endeshi. Kiini ndiyo sehemu ya ndani kabisa, inayoamua nani atumie prosesa sasa na nani asubiri. Ndani yake mna nyuzi, kila uzi ukifuata kazi yake, na nyuzi hizo lazima zisikilizane. Zinaweza kuandika mahali pamoja kwenye kumbukumbu, kila mmoja ukifunga kufuli ili mwenzake usiuvurugie. Au kila uzi ubaki kwake na kisanduku chake, nazo zipelekeane ujumbe. Njia hii ya pili si ngeni: Per Brinch Hansen na wenzake huko Denmark walijenga juu yake kiini cha kompyuta ya RC 4000 mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991, kiliegemea zaidi njia ya kwanza.

Mimi nilichagua ujumbe bila kufikiri sana. Mtoto wa mpakani angechagua nini? Boda boda zenyewe, inasimuliwa, zilizaliwa hapa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Nimekaa Malaba enzi za madawati mawili, lori likisimama huku na kusimama tena kule, karatasi zikitembea kuliko magurudumu. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Kile kituo cha pamoja cha Busia marais wa Kenya na Uganda walikifungua rasmi mwaka 2018, na msafiri husimama mara moja tu, upande ule anakokwenda. Mimi bado nilikuwa na boksi la sabuni kichwani.

Kiini changu kilifanya kazi, kisha mara moja moja kilikwama. Kingeweza kuzunguka maelfu ya mara salama, halafu uzi mmoja ukalala usiamke tena. Nilipouchungulia nilikuta jambo la kushangaza: kisanduku chake kilikuwa na ujumbe. Ulikuwa umelala juu ya barua yake.

Niliweka mistari ya kuchapisha kila hatua ili nione, na kosa likatoweka. Nikiitoa, linarudi. Mistari yenyewe ilibadilisha mwendo, na mwendo ukibadilika ile nafasi nyembamba ya kukosea inajiziba. Kwa aibu nasema kwamba nilitafuta njia ya mkato: nikautegea uzi saa, uamke kila baada ya sekunde moja ukague upya. Mkwamo ukaisha, nikajisifu. Ilinichukua wiki kukiri kwamba sikuwa nimetibu kitu, nilikuwa nimeufunika ugonjwa. Na nilipokiri nikakumbuka Krismasi zetu. Kila Desemba mimi na kaka tuliamshwa na kalenda, tukakutana nyumbani, tukala kuku, tukaulizana habari za watoto. Januari kila mtu alirudi kulala juu ya barua yake.

Usiku nilipoliona kosa lenyewe, nilikaa kitambo bila kugusa kibodi. Uzi wangu ulikagua kisanduku, ukakikuta kitupu, ukaamua kulala. Kabla haujalala, prosesa ikaupa zamu uzi mwingine, nao ukaweka ujumbe na kutazama kama kuna wa kuamshwa. Hakukuwa na aliyelala, basi haukumwamsha mtu. Zamu ikarudi kwa wa kwanza, nao ukalala kama ulivyoamua, ukiamini habari ambayo ilikuwa kweli punde tu. Hakuna aliyedanganya. Kosa lilikaa kati ya kukagua na kulala, mahali ambapo sikuwahi kudhani kuna nafasi ya kitu kukaa.

Dawa yake ni ya kale, na Linux huitumia. Unageuza mpangilio: kwanza uzi unatangaza kwamba unaelekea kulala, kisha unakagua kisanduku kwa mara nyingine, ndipo unalala. Ujumbe ukiingia katikati, mtumaji atakuta tangazo limeshawekwa na atalifuta, na usingizi hautashika. Ni mistari ileile. Kilichobadilika ni kipi kinatangulia.

Naogopa kufanya hili kuwa somo jepesi. Uzi hauna kiburi. Haukasiriki ukatazama upande wa pili wa barabara. Pengine hata kama mtoto yule angenikuta nyumbani ningeisoma karatasi na nisiende Lumino, halafu leo nisiwe na mpangilio wa kulaumu. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilifunga moyo wangu kimyakimya, na aliyefunga kimyakimya hawezi kuamshwa, kwa sababu nani atajua kwamba amelala? Laiti ningemwambia mwenye duka, nikiwa bado nimesimama pale kaunta, "Nimeumia, nakaribia kuliacha jambo hili, hebu tazama tena."

Kaka sasa ana simu. Shamba bado hatujaligawa vizuri. Nilimweleza habari za nyuzi, akasikiliza kwa adabu, akauliza kama kazi hiyo inalipa. Lakini nimejizoeza kitu kimoja. Usiku kabla sijazima taa namwandikia: "Kaka, naelekea kulala." Kisha nakaa kidogo, natazama simu tena, ndipo nalala. Juzi alinijibu kwa utani, "Ndugu yangu, wewe hulali tu, mpaka utangaze?" Usiku mwingine huandika "Mulembe", salamu yetu tu, basi. Na usiku mwingine hamna kitu, nami nalala nisijue kama ni mtandao wa Majanji, au ni yeye, au kuna neno ambalo ndiyo kwanza liko njiani.