Mshairi Aliyepimwa kwa Alama

Sisi tufundishao watoto twaijua sana kazi ya kutia alama. Insha hutiwa alama, hesabu hutiwa alama, hata usafi wa kucha hutiwa alama. Lakini je, shairi nalo laweza kupimwa hivyo? Swali hili limetushughulisha tangu tuliposoma habari za Bwana Javon Johnson, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa mashindano ya mashairi, kisha akawa mwanachuoni wa mashindano yayo hayo.

Kwanza yafaa tueleze desturi ya mashindano yenyewe, ambayo huko kwao huitwa slamu. Mwanzilishi wake ni Bwana Marc Smith wa mji wa Chicago, aliyekuwa mtu wa kazi za ujenzi. Aliona ya kuwa watu wa kawaida hawaendi tena kusikiliza mashairi, naye akataka kuwarudisha. Mwaka 1986 aliyaweka mashindano hayo katika nyumba ya vinywaji iitwayo Green Mill, na mwaka 1990 yakafanyika ya kwanza ya taifa, mjini San Francisco. Kanuni zake ni chache. Mshairi husema shairi alilolitunga mwenyewe, bila ngoma wala zeze wala mavazi ya kuigizia. Hupewa dakika tatu, na juu yake sekunde kumi za huruma. Akizidisha hapo hukatwa alama. Waamuzi ni watu watano waliotolewa miongoni mwa wasikilizaji, nao hawaulizwi wamesoma wapi. Kila mmoja hutoa alama kutoka sifuri hata kumi. Iliyo kubwa kuliko zote hutupwa, na iliyo ndogo kuliko zote hutupwa, kisha tatu zilizobaki hujumlishwa. Basi shairi lililowapendeza wote kabisa hupata alama 30.

Katika uwanja huo ndimo Bwana Johnson alimojipatia jina. Alikulia South Central, sehemu ya mji wa Los Angeles, akapata ubingwa wa taifa mwaka 2003, na tena mwaka 2004. Wengi wakifika hapo huridhika. Yeye alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Northwestern hata akapata udaktari katika elimu ya maonyesho, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas. Wala hakuacha kusimama mbele ya watu. Mwaka 2013 alijulikana mbali kwa shairi lihusulo mtoto wa ndugu yake, mwenye umri wa miaka minne. Walikuwa wakienda pamoja katika motokaa. Mtoto alipoona gari la polisi alijificha, kwa kuwa amekwisha kujifunza hofu ya watu weusi wa nchi ile kabla ya kujifunza kusoma.

Sasa tufikiri. Shairi kama hilo likisemwa katika mashindano, watu watano huinua kadi zao, na juu ya hofu ya mtoto mdogo huandikwa tisa na nusu, au nane na sehemu tatu za kumi. Hapo hata sisi tuliozoea kalamu nyekundu twasita.

Wako waliosema waziwazi ya kuwa mambo haya ni uharibifu. Mwaka 2000 Profesa Harold Bloom wa Chuo Kikuu cha Yale, mtu mwenye sifa kubwa katika elimu ya vitabu, aliyaita mashindano hayo kifo cha sanaa. Bwana Johnson alilichukua neno hilo la mauaji na kulitia katika jina la kitabu chake, Killing Poetry, kilichotoka mwaka 2017. Ndani yake awatetea washairi wenziwe. Lakini hawapaki mafuta. Atazama jinsi wanaume weusi wanavyojionyesha jukwaani, na jinsi mahali paitwapo pa salama pasivyokuwa salama kwa kila aingiaye. Twaliona jambo hili kuwa gumu kuliko ubingwa. Mgeni akikosoa nyumba yako, watu wa nyumbani hukasirika pamoja nawe; mwana wa nyumba akiikosoa, humkasirikia yeye.

Nasi tunayo ya kwetu. Katika mashindano fulani ya shule, mtoto wa kike alisema shairi juu ya shamba la bibi yake lililochukuliwa na mafuriko. Waamuzi, ambao walikuwa wageni, walimweka wa mwisho, ati mizani zake hazikulingana. Mizani kweli hazikulingana. Lakini baada ya majuma mengi tuliwasikia akina mama kisimani wakiyasema maneno yake, na ya mshindi hapakuwa na ayakumbukaye.

Hata hivyo hatusemi alama zifutwe. Bila mashindano yale mtoto asingalitunga kitu, wala akina mama wasingalikuja kumsikia. Alama ni kama ngoma ipigwayo uwanjani: huwakusanya watu. Wakiisha kukusanyika, kazi iliyobaki ni ya maneno yenyewe.

Watu wa pwani walilijua hili zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, tena kwa ukali, maana miji yao ilikuwa na uhasama. Hapakuwa na kadi wala hesabu. Lakini miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa angali akiyajua mashairi yale, na kwa kazi yake pamoja na W. E. Taylor yakahifadhiwa katika maandishi hata leo. Hiyo ndiyo hukumu ya pili, ambayo haina dakika tatu.

Basi enyi waalimu wenzetu, tutie alama, maana ndiyo kazi yetu. Lakini siku ya mashindano ikiisha, tutege sikio kisimani na njiani, tusikie ni shairi la nani lililorudi nyumbani pamoja na watu. Na mtoto huyo, hata akiwa wa mwisho katika orodha, tumpe daftari jipya.