Shilingi 100 Kabla ya Kuachishwa Ziwa

Mwaka 1986 nilikuwa mshauri katika mahakama ya mwanzo moja ya Kanda ya Ziwa. Watu walituita wazee wa baraza, hata sisi wanawake. Vijana wanaosoma sheria siku hizi hudhani tulikaa pale kama mapambo. Sivyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilitupa kura: hakimu mmoja, washauri wawili, na hukumu ikafuata walio wengi. Kesi ya mama mmoja niliiamua, sikuitazama tu.

Sitamtaja jina. Alikuwa na miaka 23, baba yake amefariki, anaishi kwa baba yake mdogo. Usiku mmoja, akitoka msibani, alibakwa na mwanamume wa kijiji cha jirani. Alikwenda polisi, akapewa fomu ya polisi ya PF3, akapimwa. Baada ya muda wazee wa pande mbili wakakaa, wakaona mambo yaishe nyumbani. Mashahidi wakanyamaza na jalada likalala. Akajifungua mtoto wa kiume. Majirani walitarajia amkatae yule mtoto, maana wako waliomshauri hivyo waziwazi. Yeye alimbeba mgongoni popote alipokwenda.

Mtoto hajatimiza mwaka, mwanamume yule yule akaja mahakamani kwetu kama mdai. Alimtaka mwanawe.

Alikuwa na sheria ya kuegemea. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, lile la Tangazo la Serikali namba 279, lilimruhusu mwanamume aliyezaa nje ya ndoa kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100, maadamu mtoto hajaachishwa ziwa. Nadhani walioandika kanuni hiyo waliwafikiria vijana waliopendana wakashindwa kuoana. Shilingi 100 za 1963 zilikuwa fedha ya maana. Mwaka 1986 hazikununua hata doti ya kanga. Nani alipaswa kukubali? Baba wa binti. Mama mwenyewe hakuulizwa. Na mimba ilipatikanaje, kanuni haikugusa. Baba mdogo alipokea fedha, akaweka dole gumba kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikaletwa mbele yetu kama kielelezo.

Basi shauri zima likasimama juu ya jambo moja: siku fedha ilipopokelewa, mtoto alikuwa ameacha kunyonya au bado?

Wakati ule mawakili hawakuruhusiwa mahakama ya mwanzo. Kila mtu alijisemea. Mdai alileta wanawake wawili walioapa kwamba walimwona mtoto kwenye ziwa la mama yake, gulioni, baada ya tarehe ile. Yule mama alisimama peke yake. Alieleza kwamba jirani alimnong'oneza kuhusu kanuni ya shilingi 100. Usiku huohuo alijipaka shubiri kwenye matiti. Mtoto alikuwa na miezi minane. Alimpa uji wa mtama na maziwa ya ng'ombe, naye mtoto akakataa, akalia usiku kucha, akakonda. Matiti yake yalivimba hadi akapata homa. Gulioni, alisema, mtoto alitafuta ziwa kama watoto wote watafutavyo, akaonja uchungu, akaliachia.

Alisimulia habari ya kubakwa kwake bila kutoa chozi. Alipofika kwenye shubiri alilia mpaka hakimu akaahirisha kwa muda. Nimewaona watu wengi wakilia mahakamani, lakini kilio cha mama aliyemnyima mwanawe maziwa ili asinyang'anywe bado nakisikia.

Tuliporudi niliomba ruhusa ya kuuliza. Nikamwuliza mdai kama aliwahi kumposa yule binti. Akasema hapana. Nikamwuliza mama mtoto alipatikanaje. Hakimu akanikatiza: "Mama Mshauri, hilo si shauri lililo mbele yetu." Nikamwambia kwa heshima kwamba nimeuliza, naye mama amejibu, naomba jibu liandikwe. Alinitazama, kisha akaandika. Mstari mmoja kwa wino wa bluu: alinikamata kwa nguvu nikitoka msibani, nikaripoti polisi.

Hakimu alikuwa mtu mwadilifu na alishika kanuni. Kwa maoni yake fedha ilipokelewa na ushahidi wa kunyonya ulitosha, mtoto aende kwa baba. Nilidhani mshauri mwenzangu, mzee wa Kisukuma wa makamo ya baba yangu, angekuwa upande wake, kwani ndiye aliyejua mila kutuzidi sote. Akasema shilingi 100 ni za mtu aliyepita mlangoni akachelewa kulipa; aliyevunja ukuta hana mila ya kumsaidia. Mimi nikapiga kura na mzee. Wawili kwa mmoja, mtoto akabaki kwa mama.

Mdai alikata rufaa mahakama ya wilaya, akashinda. Yule mama alikuwa na siku 30. Alikata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, akauza mbuzi apate nauli, akajisimamia mwenyewe. Huko alirudishiwa ushindi kwa sababu ile ile ya shubiri: mtoto alikuwa ameachishwa ziwa kabla ya malipo, basi malipo yalichelewa. Niliisoma nakala ya hukumu. Ilikuwa fupi na ya haki kwa namna yake, lakini ule mstari wa wino wa bluu haukutajwa. Kama angechelewa juma moja kujipaka ile dawa chungu, angeshindwa, na kila aliyehusika angelala akiamini sheria imefuatwa.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, nilitafuta nakala nikampelekea. Kifungo kisichopungua miaka 30, viboko, fidia kwa aliyetendewa: nilimsomea yote, naye akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniomba nimwonyeshe panaposema kwamba mbakaji hana madai juu ya mtoto. Nilipekua tena kurasa zote nisipaone. Wakati huo kijana wake alikuwa na miaka 13, anasoma shule ya msingi ya kijijini, na yule mwanamume alikuwa bado anaishi kijiji cha jirani, akipita njia ile ile kwenda gulioni.